Amana ya Mbegu, na Kulima Matikiti Matamu Uani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuipasua punje na kokwa, Mwenye kukitoa kilicho hai katika kilicho kikavu. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baad. Katika miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga na Unguja na Kilwa, si ajabu kuiona nyumba yenye ua mpana, na kisima ndani yake, na jua la kutosha mchana kutwa. Kisha katika ua ule hapana kilichopandwa ila majani yaliyojiotea. Mwenye nyumba hutoka asubuhi akaenda sokoni kununua tikiti, na pengine fedha yenyewe ni ya kukopa. Siku moja hulipasua akalikuta halina ladha wala harufu, akajuta. Siku nyingine hulikuta tamu mno, akalisifu mbele ya watoto wake, kisha mbegu zake zote, nazo ni mamia, akazitupa jaani. Kesho yake arudi sokoni kuuliza kama liko jingine mfano wa lile; naye haambiwi ila kwamba lilikuwa hilo moja.

Mtu huyu amepoteza vitu vitatu: mali, na chakula, na amana. Mali na chakula kila mtu aviona. Ama amana, ndiyo yenye kuhitaji kubainishwa. Kwani mbegu si taka ya tunda, bali ni hazina ambayo Mwenyezi Mungu ameificha ndani ya tunda, ili aliyekula leo apate kula mwakani, na jirani yake ale, na atakayezaliwa baada yao ale.

Fasili ya Kwanza: Katika haya ya jembe

Jambo la kwanza liwazuialo watu wengi kulima si uchache wa ardhi, bali ni haya. Katika zama zilizopita, mashamba ya pwani yalilimwa na watumwa, hata jembe likawa alama ya utumwa machoni mwa watu, na muungwana akaona fahari mikono yake kuwa laini. Utumwa uliondolewa katika sharia ya Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini dharau ya jembe haikuondoka pamoja nao. Ilibaki nyoyoni, ikarithiwa na watu ambao babu zao hawakuwahi kummiliki mtu, na hata na wajukuu wa wale waliolimishwa kwa nguvu.

Basi na ajiulize Muislamu: dharau hii ni mwendo wa nani? Hapana shaka kwamba si mwendo wa Mtume (s.a.w.), wala si mwendo wa masahaba zake. Maansari wa Madina, waliompokea Mtume na kuinusuru dini, walikuwa watu wa mitende na makonde. Nabii Daudi (a.s.) alikuwa mfalme, na imesihi katika Hadithi kwamba hakuwa akila ila katika kazi ya mkono wake.

Na zaidi ya hayo ni khabari ya Salman Alfarisi (r.a.). Salman alikuwa mtumwa wa Myahudi mmoja, na bwana wake akakubali kumwacha huru kwa sharti ya kupandiwa mitende 300 pamoja na wakia 40 za dhahabu. Masahaba wakamchangia miche, huyu kadiri yake na huyu kadiri yake, wakamsaidia kuchimba mashimo. Kisha Mtume (s.a.w.) akaja mwenyewe, akawa anaitia miche ardhini kwa mkono wake mtukufu. Imeipokea khabari hii Imamu Ahmad katika Musnad yake. Mkono ulio bora kuliko mikono yote uliingia katika udongo ili mtumwa apate uhuru. Basi yawaje leo mtu huru aone kwamba udongo wampunguzia uungwana?

Na thawabu ya mwenye kupanda si ndogo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba hapana Muislamu apandaye mti au mmea, kisha akala katika huo ndege au mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Na katika mapokezi ya Jabir yaliyomo katika Sahihi ya Muslim, hata kilichoibwa katika mmea ule ni sadaka kwa aliyeupanda. Jambo hili ni liwazo kubwa kwa mkulima wa matikiti, kwani hapana tunda liwavutalo watoto wa mtaa kama tikiti lililoiva likanukia hata nje ya ua. Haimaanishi kwamba wizi umehalalishwa. Mwizi ana dhambi yake na mkulima ana thawabu yake, na kila mmoja atalikuta lake.

Fasili ya Pili: Katika kulijua tikiti lenyewe

Tikiti linalokusudiwa hapa si tikiti maji, lenye ganda la kijani na nyama nyekundu ya majimaji. Ni lile tikiti tamu lenye ganda la manjano au la kijivu, aghalabu lina mistari kama wavu, na nyama yake ni ya rangi ya chungwa au nyeupe au kijani hafifu, na mbegu zake zimekusanyika katikati katika uwazi. Waarabu wengi huliita shammam, kwa sababu ya harufu yake. Waajemi huliita kharbuza, na kutokana na neno hilo Waarabu wa zamani wakalifanya khirbizi.

Na kwa jina hili la khirbizi limekuja katika Shamaili ya Imamu Tirmidhi, kutoka kwa Anas (r.a.), ya kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akilila pamoja na tende mbichi. Na katika Sunan ya Abu Daud, Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume alikuwa akila batikhi kwa tende mbichi, akibainisha kwamba joto la hiki huvunjwa na baridi ya kile. Wanazuoni wamekhitilafiana kama hiyo batikhi ni ya manjano au ya kijani. Lakini khirbizi haina shaka yake. Basi mwenye kulima tunda hili alima tunda lililoliwa na Mtume, na hilo latosha kuwa heshima.

Waislamu wa zamani walilijua na wakalitukuza. Ibn Batuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika baadaye Khwarazm, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Uzbekistan, aliandika kwamba matikiti ya huko hayana mfano mashariki wala magharibi ila yale ya Bukhara, na kwamba hukatwa vipande yakaanikwa juani, kisha yakapelekwa hata Bara Hindi na China. Na Babur, mfalme wa kwanza wa Wamoghuli wa Bara Hindi, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyoletewa tikiti akiwa mbali na nchi yake, naye akalipasua akalia, kwa kuikumbuka Kabul. Kisha hakukaa akalia tu: alimweka mkulima kutoka Balkh alime matikiti katika bustani yake ya Agra, na mwaka 1529 yakazaa. Hiyo ndiyo kazi ya mbegu. Mtu aweza kuihama nchi, na mbegu ikahama pamoja naye, na utamu wa kwao ukamfuata.

Fasili ya Tatu: Katika mbegu ya asili na mbegu ya chotara

Mbegu za matikiti zipatikanazo leo ni za namna mbili, na mtu asiyezipambanua hupata hasara pasipo kujua sababu yake.

Namna ya kwanza ni mbegu ya asili, yaani iliyotoka kwa mama na baba wa kabila moja, vizazi baada ya vizazi. Ukiipanda, tunda litakalopatikana litafanana na tunda lililoizaa, madhali haikuchanganyika na nyingine. Na iliyo bora zaidi katika hiyo ni ile iliyokuzwa kwa samadi pasipo dawa za sumu wala mbolea za viwandani, wala haikupakwa dawa baada ya kuvunwa.

Namna ya pili ni mbegu ya chotara, ambayo wataalamu huizalisha kila mwaka kwa kukutanisha makabila mawili yaliyochaguliwa. Mazao yake mara nyingi ni mengi na ya kulingana, na kuinunua na kuipanda ni halali, haina ubaya. Lakini mwenye kuhifadhi mbegu za tunda lake, akazipanda mwaka wa pili, huona ajabu: mmea mmoja watoa tikiti kubwa, wa pili dogo, wa tatu lisilo na ladha. Hilo si kosa la mkulima, wala si hasadi ya jirani, wala hakurogwa. Ni kwamba watoto wamegawana urithi wa babu wawili, kila mmoja akachukua fungu lake. Mwenye kutegemea mbegu hii hana budi kurudi dukani kila mwaka. Na mwaka asipokuwa na fedha, ua wake hulala mtupu.

Na mbegu iliyopakwa dawa aghalabu hutiwa rangi nyekundu au ya samawati ili ijulikane. Hiyo isiliwe, wala isiachwe mahali pa watoto na kuku, na mwenye kuishika aoshe mikono yake.

Yuko awezaye kusema: Mwenye kuotesha ni Mungu, basi maneno haya ya kabila na asili ni ya nini? Hapana shaka kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuotesha. Amewauliza watu katika Sura ya Waqia khabari ya wanachokipanda, kama ni wao waoteshao au ni Yeye, na jawabu yajulikana. Lakini Yeye huyo ndiye aliyeziweka sababu. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakipandisha mitende, wakitia unga wa mtende dume katika mtende jike, akadhani kwamba huenda haina haja. Wakaacha, na mwaka ule tende zikawa mbovu. Walipomweleza, aliwajulisha kwamba mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Katika khabari hii mna mafunzo makubwa: kuijua kazi ya dume na jike katika mimea si kumwondokea Mwenyezi Mungu, na kuipuuza si kumtegemea.

Na tikiti lina khabari kama ya mtende. Mmea mmoja hutoa maua ya namna mbili. Hutangulia maua ya dume, nayo hunyauka yakaanguka. Na mkulima asiyejua huhuzunika akidhani mmea wake ni tasa. Kisha huja maua ya jike, yajulikanayo kwa kitunda kidogo kilicho chini ya ua. Nyuki ndio wachukuao unga wa dume hata kwa jike. Pasipo nyuki hapana tikiti. Na nyuki hapambanui baina ya kabila na kabila. Lau jirani amepanda tikiti la kabila jingine, tunda la mwaka huu halitabadilika ladha, lakini mbegu zilizomo ndani zitakuwa zimechanganyika. Ama tango la kawaida na tikiti maji na boga, hayo hayachanganyiki na tikiti tamu, kwa kuwa kila moja lina jinsi yake.

Basi atakaye mbegu safi na apande kabila moja tu, na apatane na majirani zake wapande kabila hilo hilo, na huo ndio mwendo ulio mwepesi. Ama akiwa hana budi, jioni na alifunge kwa uzi laini ua la jike litakalofunua kesho, na la dume vivyo hivyo. Asubuhi mapema alichume la dume, aondoe majani yake, apake unga wake katikati ya ua la jike, kisha alifunge tena nyuki asiingie, na atie alama ya uzi katika kikonyo. Ikiwa ndani ya ua la jike mna vijiti vyenye unga wake wenyewe, kama yalivyo makabila mengi, aviondoe kwanza kwa upole. Maua mengi yatapukutika hata hivyo; basi afanye kumi ili apate mawili au matatu.

Fasili ya Nne: Katika kupanda na kutunza

Tikiti ni mmea wa jua na joto, nalo lachukia maji yaliyotuama na majani yaliyolowa. Kwa hiyo wakati wake katika pwani ni mvua kubwa za masika zinapokwisha, likue na kuiva katika siku za ukavu. Au baada ya vuli, liive katika jua la kaskazi. Mahali pake ni palipo na jua la saa sita kwa uchache, si chini ya mwembe.

Achimbe shimo la dhiraa moja, achanganye udongo na samadi iliyooza sawasawa, kisha ainue kijituta cha mviringo ili maji yasituame. Baina ya tuta na tuta iwe dhiraa mbili au tatu, kwani mtikiti hutambaa. Katika kila tuta atie mbegu tatu, kina chake kisizidi upana wa kidole. Huota katika siku nne hata kumi. Zikifikia majani mawili matatu, abakishe mche mmoja ulio bora au miwili, na mingine aikate kwa mkasi asiing'oe, isije ikatikisa mizizi ya wenziwe.

Yupo aulizaye khabari ya samadi, kwamba ni najisi, na je, tunda lake laliwa? Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamejuzisha kuirutubisha ardhi kwa samadi, na mmea uotao humo si najisi katika dhati yake. Sehemu iliyoguswa na najisi huoshwa ikatahirika. Basi tunda lilalo juu ya udongo lioshwe kabla ya kupasuliwa, au liwekewe chini yake majani makavu au kipande cha ubao, na hilo lalikinga pia na kuoza. Na mkulima abadili nguo yake kabla ya sala.

Maji atie chini shinani, asubuhi, wala asiyamwage juu ya majani, kwani unyevu wa majani huzaa maradhi. Maji yaliyotumiwa katika udhu ni tohara, ijapokuwa hayatawadhiwi tena. Mwenye kuyaelekeza katika bustani badala ya kuyaacha yapotee amepata faida mara mbili. Tunda linapokaribia kuiva apunguze maji, kwa kuwa maji mengi wakati huo hulichapwisha na kulipasua. Na utamu wote hutengenezwa na majani. Mtikiti ambao majani yake yamekufa kabla ya wakati hautoi tunda tamu hata ukipewa samadi ya nchi nzima.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda, atagaye ndani ya tunda changa, likaoza kutoka ndani. Dawa yake ni kulifunika tunda kwa mfuko wa karatasi au wa kitambaa tangu lingali dogo kama limau, na kila lililoharibika kulizika mbali chini sana, lisiachwe likazaa nzi wengine. Vidukari huondolewa kwa maji ya sabuni au maji ya majani ya mwarobaini. Lakini dawa yoyote, hata ya mwarobaini, isinyunyizwe asubuhi maua yanapokuwa wazi na nyuki wako kazini. Bali jioni, maua yakishafumba. Na mwaka wa pili asipande mahali pale pale matikiti wala matango wala maboga. Abadilishe kwa kunde au mchicha, arudi baada ya miaka mitatu.

Fasili ya Tano: Katika kuiva na kuuza

Tikiti halina wanga wa kugeuka sukari baada ya kuchumwa. Embe bichi na ndizi mbichi huvundikwa zikaiva na kuwa tamu. Tikiti lililochumwa kabla ya wakati litalainika na pengine kunukia, lakini utamu halitazidi. Dalili za kuiva kwa lenye wavu ni ganda kugeuka kutoka kijani kuwa manjano, na harufu kutoka upande wa kitako, na ufa kuonekana palipoungana kikonyo na tunda, hata likiinuliwa kwa wepesi hujitoa lenyewe. Yapo makabila yenye ganda laini yasiyojitoa. Hayo hujulikana kwa rangi na kwa siku. Tangu ua kushika hata kuiva ni kadiri ya siku 35 hata 45.

Hapa ndipo dini na kilimo hukutana waziwazi. Imesihi katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri wema wake. Na imepokewa na Muslim khabari ya mwenye kuuza nafaka aliyeweka kavu juu na mbichi chini, Mtume akatia mkono akaigundua, naye akamjulisha kwamba mwenye kughushi si katika wao. Basi mwenye kuchuma matikiti mabichi ili awahi bei ya Ramadhani, akayauza kwa jina la yaliyoiva, na ajue kwamba amemlisha aliyefunga maji yasiyo na ladha, na yeye amejilisha haramu.

Na ghushi iliyo kubwa kuliko hiyo ni ya mbegu. Aliyeuziwa tunda baya amepata hasara ya siku moja. Ama aliyeuziwa mbegu ya chotara au iliyochanganyika kwa jina la mbegu ya asili, amepoteza samadi yake, na maji yake, na jasho la miezi mitatu, wala haijui hasara yake ila siku ya kupasua. Kwa siku hiyo muuzaji amekwisha kwenda na fedha. Mnunuzi hawezi kuiona mbegu kilichomo ndani yake. Hununua uaminifu wa muuzaji tu. Basi anayeuza au kugawa mbegu na aseme aijuavyo: hii ni safi, hii haijulikani, hii ni ya chotara. Neno moja la kweli halimpunguzii riziki aliyoandikiwa.

Fasili ya Sita: Katika haki ya jirani na maskini

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, matikiti hayana zaka ya mazao. Kwani zaka hiyo ni ya vyakula viliwavyo kwa kujikimu na kuwekwa akiba, kama mtama na mchele na tende, vikifikia wasaki tano. Ila fedha iliyopatikana kwa kuyauza, ikifika kiwango na kupitiwa na mwaka, ina zaka yake. Lakini kutokuwapo zaka si kutokuwapo wema. Katika Sura ya Anaam imeamrishwa kutolewa haki ya mazao siku ya kuvuna, na wafasiri wengine wamesema kwamba humo hupewa waliohudhuria, mbali na zaka.

Na Sura ya Qalam imesimulia khabari ya wenye bustani walioapa kwamba wataivuna alfajiri, wala hawakusema inshallah, wakanong'onezana asiingie maskini yeyote siku ile. Walipofika waliikuta imekwisha angamia usiku, hata wakadhani wamepotea njia. Hawakuadhibiwa kwa kulima, wala kwa kuwa na mali. Waliadhibiwa kwa kufunga mlango.

Mwenye matikiti kumi uani si tajiri. Lakini harufu ya tikiti hairuki ukuta peke yake, hurukia pua ya mtoto wa jirani ambaye baba yake hana cha kununulia. Kipande kimoja kikipita mlango wa pili, kimeziba mlango wa hasadi na kufungua mlango wa mapenzi.

Fasili ya Saba: Katika kuhifadhi mbegu

Hekima ya tikiti ni kwamba wakati wa kuliwa ndio wakati wa kutolewa mbegu. Bamia la mbegu haliliwi, na tango la mbegu haliliwi. Lakini tikiti lililoiva kabisa hulisha watu, na mbegu zake zimekomaa siku ile ile. Hapana udhuru wa kusema kwamba njaa ndiyo iliyozuia kuweka mbegu.

Achague tunda lililo bora, si lililobaki. Wengi hula lililo tamu na kuweka mbegu ya lililoharibika, kisha wakastaajabu kizazi kinapodhoofika. Aangalie pia mmea: uwe mzima, haukupatwa na maradhi, umezaa vizuri. Na akiweza achanganye mbegu za mimea mitano au zaidi ya kabila moja, ili kizazi kisiwe na asili finyu.

Azikwangue mbegu pamoja na ute wake, azitie katika chombo cha maji siku moja au mbili, azikoroge. Zilizo nzima huzama, na makapi huelea yakamwagwa. Azioshe, azitandaze juu ya sahani au ungo kivulini penye upepo, si juani wala si juu ya karatasi zikashika. Zimekauka ikiwa mbegu hukatika ikikunjwa wala haipindiki. Kisha azitie katika chupa kavu yenye kifuniko, pamoja na kitambaa kidogo cha mchele uliokaangwa ukapoa, wa kunyonya unyevu wa pwani. Aandike jina la kabila na mwaka, aiweke mahali pa baridi na giza. Zikitunzwa hivi hukaa miaka mitano au zaidi.

Wala asiziweke zote nyumbani mwake. Panya mmoja au kisima kufurika chatosha kuzimaliza. Ampe jirani fungu, na ndugu aliye mji mwingine fungu, na msikiti wenye bustani fungu. Mwaka zitakapompotea yeye, atazikuta kwao. Mwenye kuficha mbegu peke yake huipoteza, na mwenye kuigawa ndiye aliyeihifadhi. Na huenda akafa mwenye kupanda, na mbegu yake ikaendelea kupandwa katika mitaa asiyoijua, na kila aliyekula, mtu au ndege, akawa amemwandikia sadaka kaburini pasipo kumjua jina.

Khatima

Imepokewa na Imamu Ahmad kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba mtu ambaye Kiyama chasimama na mkononi mwake mna mche, akiweza kuupanda na aupande. Ikiwa hiyo ndiyo amri kwa mtu ambaye hatasubiri mavuno, je, yu wapi udhuru wa mtu mwenye ua, na kisima, na afya, na miezi mitatu tu baina yake na tunda?

Basi na aanze kila mmoja kwa tuta moja na mbegu tatu. Aseme Bismillahi anapozitia, na inshallah anapozingojea, na Alhamdulillahi anapozipasua. Na asiitupe mbegu aliyoaminiwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu mikono yenye kufanya kazi, na ndimi zenye kusema kweli katika kuuza, na milango isiyofungwa mbele ya maskini. Na azibariki mbegu zao na vizazi vyao. Amina.

Wallahu aalam.